Ishirini na Tatu za Wifi Yangu

Jumatatu saa nne asubuhi karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa jiko la ofisi, pale pale tunapobandika matangazo ya nani kaoa na nani kajifungua. Kwa hiyo watu wote waliisoma kabla hata maji ya chai hayajachemka. Ilikuwa na mistari miwili. Chumba cha Chini: 44. Chumba cha Juu: 23. Chini yake Mkurugenzi alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba chumba kimoja kitafungwa Ijumaa, na kitakachobaki ni chenye namba ndogo.

Chumba cha Chini ni changu. Sikukipata kwa cheti, maana sina cheti hata cha kushona. Kazi nilijifunza kwenye kibanda cha kutengeneza simu, nikaja hapa kuvuta kebo kwa wiki mbili, na zile wiki mbili zikawa miaka tisa, kwa sababu kila walipotaka kuniaga kuna kitu kilikufa na wa kukifufua alikuwa mimi peke yangu. Wengine wakitolewa hapa watakwenda pengine na bahasha zao za vyeti. Mimi nikitoka, hakuna mlango mwingine wa chumba cha seva utakaonifungukia tena. Hilo nililijua palepale, kikombe kitupu mkononi.

"Karibu nusu," alisema Kimya, fundi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu akifikisha sentensi ya tatu kwa siku tunampigia makofi.

"Nimeona."

"Nusu kabisa, na moja juu."

"Nimeona, Kimya. Leo umeamka na maneno mengi."

Nieleze hizo namba, maana hata shangazi zangu waliniuliza na sikuwaacha gizani. Kampuni yetu inatunza mafaili ya wagonjwa wa hospitali nyingi. Muuguzi akiandika kitu, kinaandikwa kwenye seva mbili kwa mpigo, ili moja ikifa nyingine iwe nacho. Seva ya kwanza inaiita ya pili, ya pili inaitika, ndipo muuguzi anaona neno "imehifadhiwa". Faili moja tu linahitaji kuitana na kuitikiana mara maelfu. Sasa chukua sekunde moja uikate vipande milioni. Kila kipande ndiyo maikrosekunde. Sisi Chini, kwenye kebo ileile ya kisasa inayobeba mzigo mkubwa kwa kufumba na kufumbua, tulikuwa tunatumia vipande arobaini na nne. Juu walikuwa wanatumia ishirini na tatu. Kebo aina moja, seva aina moja, zimenunuliwa siku moja.

Na aliyekuwa mkuu wa Chumba cha Juu ni wifi yangu. Dada yake mume wangu, mhandisi wa kusomea, shahada mbili na miwani. Utani wa ofisini juu yetu haukuwa na mwisho. "Wifi ya juu inashika kuliko ya chini." "Leo usimsemeshe, wifi imekata." Tulikuwa tunacheka wenyewe. Jumapili anakuja kwetu na wanawe, mama mkwe anakuja, majirani wanaingia bila kuulizwa, mpaka watu wanakula wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Mimi nyumba isiyo na kelele naiona kama ina msiba.

Lakini wiki ile sikutaka kumwona mtu, sembuse yeye.

Jumanne niliingia saa moja asubuhi nikapima upya, kwenye mashine zetu za majaribio, mapacha wa zile za kazi. Arobaini na nne. Nikapima mara elfu kumi, nikapanga matokeo kutoka dogo hadi kubwa, nikachukua la katikati. Arobaini na nne. Ile namba niliichukia kama mtu.

Nikaanza na kadi ya mtandao. Kadi hizi zina tabia ya mlinzi mvivu mwenye adabu: ujumbe ukifika getini, hamwamshi bwana mwenye nyumba kwa mgeni mmoja, anasubiri wafike watatu, wanne, ndipo anawaingiza pamoja. Kwa mzigo mkubwa ni akili. Kwa ujumbe mmoja unaosubiriwa jibu ni mateso. Nikaiandikia amri: usimngoje mtu, akifika tu amsha. Namba ikashuka hadi thelathini na tatu. Kimya alipiga meza kwa kiganja, na hiyo kwake ni sherehe.

Halafu nikakifuata kichakataji, ule ubongo wa mashine, maana nacho kikikosa kazi kidogo kinasinzia, na kuamka kwake kuna gharama. Nikakinyima usingizi. Ishirini na tisa.

"Bado sita," nikasema.

"Bado sita," Kimya akaitikia, kama tuko kwenye mazishi.

Jioni mume wangu alinikuta nimekaa jikoni nikiangalia sufuria iliyoanza kuungua.

"Muulize tu dada," alisema, akizima moto. "Mtu mwenyewe anakula hapa."

"Nimuulize nini? Dada yako, nifundishe ulivyonishinda ili unishinde vizuri?"

"Muulize anapimaje."

"Anapima kama watu wote wanavyopima. Namba ni namba."

Aliniangalia, akakwangua sufuria. Ningemsikiliza mwanamume yule siku ile, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilikuwa nimeshajiambia kwamba kuna kitu wasomi wanakijua na mimi sikijui, na hilo wazo likishamwingia mtu asiye na cheti halitoki kwa maneno ya jikoni.

Jumatano nikatoa swichi. Swichi ni kile kisanduku cha katikati ambacho kebo zote zinakutana, na ujumbe ukipita pale unalipa kidogo kwa muda. Nikataka kebo inayokwenda moja kwa moja, seva hadi seva. Stoo hakukuwa na fupi ya kutosha. Iliyokuwepo ni moja, imening'inia kwenye kabati letu wenyewe la seva: kebo ya akiba ya mashine za kazi. Ndiyo inayokaa tayari siku zote, ya kwanza ikikatika, yenyewe inashika bila mtu kujua. Kwa miaka tisa haikuwahi kuhitajika hata sekunde.

Kimya alinishika kiwiko. "Hiyo usiiguse."

"Naikopa. Kesho jioni inarudi."

"Usiiguse," alisema tena. Mtu wa maneno machache akirudia neno, mwenye akili angesikia. Nikaichomoa.

Ishirini na saba.

Sikulala vizuri na sitaki kuzungumzia hilo. Asubuhi ya Alhamisi nilifika na wazo ambalo hata mimi nilijua ni la mtu anayezama. Ile kebo niliyoikopa ilikuwa ya mita tatu. Nikamwomba Kimya atafute ya mita moja. Sasa kila fundi anajua mita moja ya kebo inakula nanosekunde tano, na nanosekunde elfu moja ndiyo maikrosekunde moja. Kukata mita mbili ili upate maikrosekunde nne ni sawa na kukata kucha ili upunguze uzito. Nililijua hilo kama ninavyojua jina la mama yangu. Na bado niliingia nyuma ya kabati nikapiga magoti, niichomoe ile ya mita tatu.

Nyuma ya kabati kebo za kazi na za majaribio zinashuka kwa fungu moja kama nywele zilizosukwa. Lebo zipo, nimeziandika mwenyewe, lakini mimi sijawahi kusoma lebo. Nashika kebo juu na kuifuata kwa vidole mpaka chini, na watu walikuwa wanakuja kunitazama nikifanya hivyo kama mchezo. Nikashika, nikafuata. Penye fundo la katikati kidole kikahama. Sikuhisi. Nikafika chini nikabonyeza kile kibanio, nikavuta.

Kukawa na sekunde mbili za amani. Halafu skrini zote za mbele zikawa nyekundu, na simu ya mezani ikaanza kulia.

Nilikuwa nimechomoa kebo ya kazi. Na ya akiba, ambayo ingeshika palepale, ilikuwa imechomekwa kwenye mashine za majaribio, inanitafutia namba.

Kuirudisha kulichukua sekunde tano. Lakini seva mbili zikishapoteana haziungani tena hivihivi. Kila moja inaogopa kwamba mwenzake ana kitu ambacho yeye hana, na mpaka zikaguane faili kwa faili hakuna kinachoandikwa. Kila hospitali ikasimama. Kimya aliinua simu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza dakika nzima bila kupumua: "Ndiyo, sista, andikeni kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida. Ndiyo, saa na jina. Hapana, sista, sijui."

Mlango ukafunguka. Wifi alikuwa ameshuka ngazi mbio, viatu mkononi.

"Niambie nishike nini," alisema.

"Pale, skrini ya kushoto. Angalia idadi, ikisimama niite."

Hakuuliza kitu. Alikaa akasoma idadi kwa sauti, mimi nikaandika amri, Kimya akajibu simu. Dakika kumi na tisa. Skrini ziliporudi kijani hakuna aliyefurahi. Kimya aliweka simu chini, akaipangusa kwa shati lake.

"Hakuna aliyedhurika," alisema. "Hivyo ndivyo wanavyosema mpaka sasa."

Wifi alivuta kiti, akageukia meza ya majaribio. Kipimo changu kilikuwa bado kinatembea pale, hakijui kilichotokea. Alisogeza miwani.

"Ishirini na saba," alisema polepole. "Wifi, mmefikaje ishirini na saba?"

"Nicheke tu. Umeshinda, cheka."

"Nani anacheka? Mimi kwangu kwenda na kurudi ni arobaini na sita. Ishirini na saba sijaiona popote ila kwenye vitabu."

"Kwako ni ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Karatasi inasema ishirini na tatu."

"Si nimegawa kwa mbili?"

"Ukagawa kwa mbili kwa nini?"

"Fomu ilisema muda wa safari," alisema, kama anamwelekeza mtoto njia ya duka. "Safari ni kwenda. Kurudi ni safari nyingine. Wewe uliandika nini?"

"Niliandika safari. Kwenda na kurudi."

"Hizo ni mbili."

"Wifi, wewe ukituambia unaenda safari, huwa hurudi?"

Fomu ile ilitoka kwa katibu wa Mkurugenzi, kisanduku kimoja, maneno matatu na kipimo, na wiki iliyotangulia niliijaza nikiwa nimesimama, bila kufikiri hata kidogo.

"Arobaini na nne," alisema Kimya kutoka pale penye simu, "ni ndogo kuliko arobaini na sita."

Ndiyo hesabu yenyewe. Tulikuwa tumeshinda tangu Jumatatu, kabla sijagusa kadi, kabla sijakinyima kichakataji usingizi, kabla sijakopa. Ningekaa siku nne nikinywa chai na kuwasema watu, chumba kingebaki changu. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati lenye joto. Wifi alikaa karibu yangu, sketi yake safi ndani ya vumbi.

Baadaye aliuliza, "Kebo ya akiba umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Kesho nitasema mimi," alisema. "Kuhusu safari. Nitasema mimi kwanza, usije ukaonekana unajitetea."

Na alisema. Ijumaa saa tatu, mbele ya Mkurugenzi na katibu na wakuu wa idara, alisimama akaeleza kwamba namba yake inatakiwa izidishwe kwa mbili, na kwamba ikishazidishwa chumba chake ndicho kinachochelewa. Alisema bila kuficha na bila kulia, huku akijua anajifungia mlango mwenyewe. Mkurugenzi alimgeukia katibu.

"Mama, wewe ulipoandika safari ulimaanisha nini?"

"Mimi niliandika nilichoambiwa," alisema katibu. "Nilidhani ni mambo ya magari."

Watu walicheka, hata Mkurugenzi. Mimi pia nilicheka, na kicheko kilinitoka na pumzi niliyokuwa nimeibana siku nne.

"Basi Chumba cha Chini kinabaki," alisema Mkurugenzi, akaandika. Kisha akafungua ukurasa mwingine. "Sasa tuje kwenye zile dakika kumi na tisa. Kebo ya akiba ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeikopa."

"Kwa kazi gani?"

"Kwa kipimo, bosi."

"Kipimo mlichokuwa mmeshakishinda."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningepata pa kushika. Alisema hospitali tano zimeandika barua, na katika barua mbili wameuliza aliyefanya hivyo ana sifa gani za kazi, na yeye alifungua faili langu akakuta halina kitu. Alilisema hilo akiangalia meza. Chumba kinabaki, Kimya anabaki, wifi anashuka kukiongoza. Mimi nikabidhi ifikapo saa nane mchana. Na kabla ya kuondoka niyahamishie yale marekebisho yangu kwenye mashine za kazi, kwa sababu ni mazuri.

Hiyo "ni mazuri" ndiyo iliyonimaliza.

Tuliteremka pamoja, wifi na daftari lake. Nilimwonyesha kila kitu: feni inayokoroma lakini haifi, betri zipi mpya, kabati lipi ukilifunga kwa nguvu linakatika bawaba. Aliandika yote kwa mwandiko wake wa shule. Kisha nikakaa mbele ya seva za kazi nikaandika zile amri moja moja, kadi isingoje mtu, kichakataji kisisinzie, na tukatazama namba ikishuka mpaka thelathini, seva zenyewe zikiwa zinafanya kazi, hakuna aliyezizima wala kuzigusa.

"Uzuri wake," alisema wifi kwa sauti ndogo. "Wifi, nitamwambia Mkurugenzi. Nikishakaa kidogo nitamwambia."

"Sawa."

"Kuna kingine cha kuandika?"

Kilikuwepo. Amri zile nilizoandika zinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Seva ikizimwa na kuwashwa inasahau zote, inarudi kwenye arobaini na nne yake kama haijawahi kufundishwa. Ili idumu lazima uziandike pia kwenye faili ambalo mashine inalisoma ikiamka. Mistari minne. Mimi hilo nilijifunza kwa kuumia, haliko kwenye vitabu vyake. Nilitazama kalamu yake ikisubiri. Nikafikiri: siku moja itazimwa, namba zitapanda, watahangaika, Kimya atasema neno moja na neno hilo litakuwa jina langu. Watapiga simu. Nitakuja, nitaandika mistari minne, na safari hii watanipa kiti.

"Hakuna kingine," nikasema.

Alifunga daftari, akanikumbatia mbele ya Kimya, na mimi nikamkumbatia.

Hiyo ni miezi saba sasa. Simu yangu siizimi, hata nikioga naiweka kwenye dirisha la bafu. Mume wangu anadhani nangoja majibu ya kazi, na kwa namna fulani hajakosea. Nimepeleka barua sehemu kumi na moja, na zote zimeuliza cheti. Jumapili bado nyumba inajaa. Wifi anakuja na wanawe, mama mkwe anakaa kwenye kiti chake, majirani wanaingia, mimi napakua na kuchekesha watu mpaka wanapaliwa. Na kila Jumapili, nikiwa nampa sahani yake, namuuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Mashine zinaendeleaje?"

"Zimetulia, wifi," anasema. "Jana niliangalia, ni siku mia nane na ishirini na nne hazijazimwa. Betri zile ulizofunga hazijayumba hata siku moja umeme ulipokatika. Kwa kweli ulizitunza."

"Nilizitunza," nasema, na namwongezea mchuzi.